Felti ya "sufu" ya Kiyembe: boga langu na pasi yangu vimeenda

Sijui nianze na felti au nianze na yule dada wa dukani. Wacha nianze na pasi, maana ndiyo iko hapa mbele yangu, uso wote umepakaa rangi ya machungwa kama mtoto aliyeachiwa embe.

Wifi yangu anaishi Waltham, kule Massachusetts ambako Waganda wamejaa, akaniomba nimshonee kitambaa kirefu cha kupita katikati ya meza, cha felti, ile nguo nzito ya nyuzi zilizogandamizwa bila kufumwa, chenye majani ya rangi ya kutu na maboga na vile viduara vya kizamani vya Wamarekani, eti kwao saa hizi majani yanageuka rangi na kupukutika. Sisi huku Uganda ikweta inapita hapo Kayabwe, miti yetu haina habari hizo, majani nikayachora kwa kuangalia picha kwenye simu. Ila viduara nilivipenda mno. Karne ya 19 wanawake wa kule walikuwa wanachukua makoti na mablanketi ya sufu yaliyochakaa, wanaweka sarafu juu wanachora, wanakata, halafu wanapanga kidogo juu ya kikubwa na kuzungushia mshono wa blanketi. Mimi nikatumia vya kwetu: chini mdomo wa glasi, juu yake sarafu ya shilingi 100 yenye ng'ombe, juu kabisa ya 500 yenye korongo, maana kumbe 500 ni ndogo kuliko 100, sijui nani alipanga hivyo.

Sasa duka. Liko Kiyembe, mtaa wa vitambaa hapa Kampala, jina silitaji. Nikauliza mara mbili, hii ni sufu kweli? Dada hata hakuinua macho kwenye simu yake: "Sufu kabisa nnyabo (yaani mama), ya Uturuki." Shilingi 28,000 mita moja, nikachukua mita nne za rangi tofauti, nikalipa kama mjinga.

Kukata ilikuwa raha, sitadanganya. Felti haifumuki nyuzi kwa hiyo hakuna kupinda pembeni, unakata jani likiwa jani limekwisha. Nilishona siku kadhaa usiku baada ya watoto kulala, vidole vikauma. Siku ya kumaliza nikawasha pasi, nikaweka moto wa sufu maana nimeambiwa ni sufu, nikagusa boga la katikati. Banange! Boga likajikunja kama linaona aibu, likanata kwenye pasi, nyumba nzima ikanuka kavera, yaani mfuko wa plastiki, linaloungua. Nikachukua kipande nikakiwashia kiberiti. Sufu ya kweli inanuka nywele, ile harufu ya kichwa cha mbuzi kikibabuliwa, na jivu lake unalisaga kwa vidole. Hii iliyeyuka ikawa kishanga cheusi kigumu. Akriliki tupu, yaani plastiki.

Nikapanda taksi nikarudi na ushahidi ndani ya bahasha. Unajua aliniambia nini? "Nnyabo, pasi yako ndiyo mbovu." Nikamwonyesha kishanga. Akapandisha sauti ili wote wasikie: "Kama unataka kondoo nenda sokoni kanunue kondoo!" Mzee wa zipu mlango wa pili alicheka mpaka akaangusha mita yake. Mtu mzima nimesimama pale na bahasha mkononi. Nyota sifuri, msiende, wezi.

Haya, nimekunywa chai. Rangi zake ni nzuri, hilo nakubali, nimefua mara mbili hazijachuja. Na shimo la boga nililiziba kwa jani la lubugo nililonunua vibanda vya nyuma ya National Theatre. Lubugo ni gome la mti wa mutuba lililopondwa kwa nyundo, halijafumwa kwa hiyo nalo halichomoki nyuzi, na rangi yake ndiyo ile ile ya kutu wanayoitafuta Wamarekani, bila kutia dawa yoyote. UNESCO waliitambua kazi hiyo 2005, sisi tunaitumia kufunika viti. Wifi alipopokea mzigo, hakusema kitu kuhusu felti, akapiga simu kuuliza hilo jani moja ni la nini jamani, anataka kitambaa kingine chenye majani hayo sita. Kwa hiyo kama tandiko la chini felti hiyo inafaa, usiipige pasi tu, au weka moto mdogo kabisa na kitambaa juu. Labda nyota tatu.

Tatu za nini? Wiki hiyo hiyo nikakuta felti ile ile, rangi zile zile, kwa mama mmoja mwisho wa uchochoro, 9,000. Na kabla sijauliza chochote akasema, "Mwanangu, hii ni plastiki, pasi isiiguse." Nikataka kumkumbatia. Nimenunua mita tatu kwake nikampitia yule dada makusudi nimelibeba kavera mbele mbele, akaniita "kastoma!" kwa meno yote nje, hanikumbuki hata.

Pasi nimeisugua kwa chumvi, nimeisugua kwa mshumaa. Jana shati jeupe la mzee wa nyumba limetoka na nusu ya boga mgongoni.