Kadi za Picha za Kumfunza Mtoto Kuwaelewa Wenzake: Tathmini Baada ya Miezi Miwili

Kisanduku hiki cha kadi, kilichokusudiwa watoto wa miaka mitatu hadi sita, nimekitumia na wanangu wawili, mmoja wa miaka mitatu na mwingine wa mitano, na baadhi ya kadi zake zimenionyesha mambo kuhusu watoto hao ambayo sikuwa nimeyatambua.

Zilizo bora kupita zote ni zile za kitu kilichofichwa. Mvulana anaweka mpira kapuni na kutoka, dada yake anauhamishia sandukuni, kisha mvulana anarudi na mzazi anauliza ataanza kuutafuta wapi. Yule mdogo aliweka kidole juu ya sanduku bila kusita, kwa kuwa ndimo mpira ulimo, mkubwa akasema, "Kapuni, maana yeye hakuona." Zoezi la namna hii lilichapishwa na wanasaikolojia Heinz Wimmer na Josef Perner mwaka 1983, na tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba watoto wengi huanza kulijibu sawasawa wakikaribia au kupita kidogo miaka minne. Kwa hiyo kijitabu cha maelekezo kinapomtaka mzazi amsahihishe papo hapo hata mtoto wa miaka mitatu, kinamdai jambo ambalo bado hajalifikia. Niliacha kumsahihisha, nikawa namuuliza tu, "Alipotoka, aliuacha wapi?"

Kadi za nyuso zilinivunja moyo. Kila moja ina jibu moja nyuma yake, kana kwamba uso wa mtu husomeka kwa namna moja tu. Mkubwa alimtazama msichana aliyevunja kikombe, akasema anaogopa. Kadi ikasema ana huzuni. Kuanzia hapo akawa hatazami tena picha, bali ananitazama mimi machoni, akisubiri nimpe jibu. Nilipoyabandika majibu yote karatasi na kuanza kumuuliza kwa nini anadhani hivyo, mazungumzo yalirudi, na siku moja akaniambia kwamba huenda msichana yule anaogopa na kuhuzunika kwa pamoja.

Kadi za kupokezana zamu na kuomba radhi hazina ubaya wala jipya; zamu wanangu walijifunza zaidi kwa kugombea nani afunue kadi.

Kwa mtoto wa miaka minne na kuendelea ninakipendekeza, mradi mzazi aketi naye na majibu yale yafunikwe kabla ya siku ya kwanza.