Vespa ya 1982, pleti ya MC na bima: nani kanizungusha na nani nampa nyota

Nimemaliza hii kazi wiki iliyopita na bado nina hasira kidogo, so naandika kabla haijapoa. Ni kuhusu kuhamisha umiliki na kukata bima ya Vespa ya zamani hapa Dar, na hasa kuhusu mawakala wawili wa bima niliopitia, mmoja nampa nyota moja na mwingine nne, majina siweki.

Chombo chenyewe ni Vespa PX150 ya 1982, tu-stroku, ile ya kuchanganya oili kwenye petroli asilimia mbili, gia nne unabadilisha kwa mkono wa kushoto huku umebana klachi, spea tairi imefichwa kwenye shavu la kushoto na injini iko shavu la kulia. Nimeinunua kwa mzee mmoja wa Upanga, alikuwa anaendea nayo kazini enzi hizo, baadae magoti yakagoma ikawekwa chini ya ngazi na kufunikwa turubai. Milioni moja na laki nane tumekubaliana, na hapo kuna siku tatu za kunywa chai na kusikiliza stori za barabara ya Bagamoyo ilivyokuwa na michongoma huku na huku.

Sasa kilichonipa kichaa ni mtoto wa shangazi yangu yuko Hamburg. Ye ana pikipiki ya zamani na pleti yake ina herufi H mwishoni, Ujerumani chombo kikifikisha miaka 30 tangu kiingie barabarani na mtaalamu akakikagua akasema kiko katika uasili wake, unapewa hiyo H na kodi ya pikipiki inakuwa yuro 46 na senti zake kwa mwaka basi, iwe na injini kubwa iwe ndogo. Akaniambia Uingereza nako ni miaka 40, hulipi kodi ya barabara, na kama kimetengenezwa kabla ya 1980 unaruhusiwa kufunga ile pleti nyeusi yenye maandishi ya fedha kama magari ya kwenye picha za babu. Alafu bima zao unakaa na kampuni mnakubaliana kabisa kwamba hiki kitu kina thamani hii, kikiibiwa unalipwa hiyo hiyo mliyoandikiana, hamna habari ya kuanza kubishana baada ya msiba. Mi nikasema ngoja nikaulize na hapa.

Nimeuliza. Dada wa dirishani kule TRA, Mamlaka ya Mapato, akaniangalia kwa upole kabisa akasema kaka, pikipiki ni MC, ndio herufi namba yake inaanzia. Yaani Vespa yangu yenye miaka arobaini na kitu inasajiliwa vilevile kama bodaboda iliyotoka kwenye boksi jana Kariakoo. Nilikuwa na matumaini ya kubaki na namba yake ya zamani, maana ilikuwa na ile ya T kama ya gari, kabla pikipiki hazijatengewa mfululizo wake, na nayo pia inabadilishwa iwe MC. Kitu pekee cha kujivunia ni kwamba pleti imekuja ya njano kwa sababu ni ya binafsi. Basi.

Kuhusu TRA wenyewe sina neno baya, ukienda na vitu kamili mambo yanakwenda. Mkataba wa mauziano uliopigwa muhuri wa wakili, TIN yako na TIN ya muuzaji, vitambulisho vya NIDA, kadi orijino, unapewa kontroli namba unalipia kwenye simu hapo hapo umesimama. Ushuru wa stempu ni asilimia moja ya bei, kwangu ilikuwa elfu kumi na nane, halafu kuna ada ya kuhamisha na ya kadi. Kazi ilikuwa kwa mzee, hakuwa na TIN na simu yake ni ya tochi, so nikamchukua asubuhi na Bolt, shikamoo mzee, marahaba, twende tukahangaike, na kwa kweli foleni yote watu walimpisha yeye na mimi nikapita mgongoni kwake kama begi. Nilikuwa naogopa pia deni la rodi laisensi, ile ada ya barabara, la miaka yote iliyolala chini ya ngazi, ila ile ya kila mwaka ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, na walipocheki hakukuwa na deni lolote. Hapo nilishukuru kimoyomoyo.

Mimi nilikwama kwenye namba ya chasisi.

Nisikilizeni vizuri hapa mnaonunua vyombo vya zamani. Kwenye PX150 namba ya chasisi inaanza na VLX1T na ya injini inaanza na VLX1M. Hiyo ya katikati ni moja, tarakimu. Kwenye kadi ya mzee imeandikwa VLXIT, yaani herufi I. Nikamuuliza akacheka, akasema fomu alijaza mwenyewe kwa mkono miaka ile, na kweli ukiona mwandiko wake moja yake ni kijiti tu kimesimama, haina pua haina kiatu. Mtu akasoma I, akaingiza I, na I ikakaa kwenye mfumo miaka yote hiyo bila kumsumbua mtu.

Nikaibeba Vespa kwenye kirikuu mpaka mtaa wa Gerezani kwa fundi ninayemuamini. Tukafungua shavu la kulia, kule ndani kwenye bodi namba ilikuwa haionekani kabisa, rangi juu ya rangi, mtu alishaipaka bluu juu ya kijani juu ya kile cheupe cha mwanzo. Fundi akakataa sendipepa, akasema ukikwangua hovyo trafiki atajua umefuta namba na hapo utalala ndani. Akachukua tambara la mafuta ya taa na mswaki mzee, akasugua taratibu kama anamsafisha mtoto masikio, rangi ikawa inatoka ngozi ngozi, akamaliza akachukua chaki nyeupe ya shuleni akapaka juu alafu akafuta kwa kidole. Namba ikajitokeza nyeupe kwenye bluu, na ile moja ina pua yake kabisa. Nikapiga picha kama ishirini. Ya injini ilikuwa imezikwa kwenye grisi pale kwenye mkono wa gurudumu la nyuma, nayo ikafanana na kadi, bahati yangu, maana Vespa nyingi hapa mjini zimeshabadilishwa injini mara tatu na kadi haijui.

Kwenda kurekebisha hiyo herufi moja ilikula siku tisa: barua ya mzee, barua yangu, ukaguzi wa trafiki pamoja na breki, taa, indiketa na honi ambayo inalia kama mbuzi anayeonewa lakini inalia, picha, na kurudi tena. Hakuna aliyeniomba hela ya pembeni, naweka hilo wazi, ila vishoka nje walinipa bei ya "kuimaliza leo" mara nne. Nimekataa zote. Nne!

Sasa kwa wakala wa kwanza, wa nyota moja.

Kosa langu ni kwamba nilikata bima kabla kadi haijakaa sawa. Nilikuwa na kiherehere cha kuiendesha. Kijibanda kipo barabarani, mwamvuli, laptopu, bango la kampuni zaidi ya tano. Jamaa akapokea picha ya kadi kwenye WhatsApp, akaandika dakika tatu, elfu hamsini na tisa, yaani hamsini na VAT yake, akanitumia kavanoti, yaani hati ya bima. Nikauliza, bosi, hii ni ya binafsi si eti? Akajibu pikipiki zote sawa tu. Nimefika nyumbani nafungua ile pdf naona matumizi: biashara, kubeba abiria. Mwaka wa kutengenezwa: 2002, kwa sababu, nanukuu, "mfumo haunipi nyuma ya hapo". Na chasisi ni ile ya I.

Nikampigia. Akasema haina shida, trafiki hawaangalii. Trafiki mimi sina wasiwasi nao, faini ya pikipiki ilishushwa 2021 kutoka elfu thelathini hadi kumi, naweza kulipa. Wasiwasi wangu ni siku nimemgonga mtoto wa mtu pale Magomeni, kampuni ifungue faili ikute bima ni ya chombo cha biashara cha 2002 chenye chasisi ambayo haipo duniani. Hapo nani atalipa hospitali? Baada ya kadi mpya kutoka nikamrudia nikamwomba arekebishe, akasema kurekebisha hakuna, lipia upya. Nikamwambia kaka, kosa mbili kati ya hizi tatu ni zako. Akaendelea kula mihogo. Simu zangu baada ya hapo hazikupokelewa mpaka leo.

Wa pili nilielekezwa na fundi, ofisi ndogo ghorofani, ngazi za giza, feni moja, dada mmoja na mafaili yake. Nampa nyota nne na naeleza kwa nini. Kitu cha kwanza hakugusa kompyuta, aliomba kadi mpya yenyewe na sio picha, akaisoma kwa kidole herufi kwa herufi, alafu akaomba picha ya chasisi kwenye simu yangu akazilinganisha. Akaniuliza unabeba abiria kwa hela? Hapana. Inalala wapi? Ndani ya geti. Mwaka? Nikasema 1982 nikijiandaa kwa ugomvi, akaandika 1982. Mfumo ukakubali bila kelele, kumbe yule mwenzake hakujaribu hata.

Alipomaliza hakunipa tu kavanoti nikaondoka. Akanigeuzia skrini tukaingia wote kwenye TIRA MIS, ule mtandao wa Mamlaka ya Bima wa kuhakiki stika, akaniambia weka namba yako mwenyewe. Nikaweka MC yangu, ikatoka, kampuni, tarehe ya kuanza, ya kuisha, vyote. Kwa vile stika za siku hizi ni za kielektroniki, kama hapo haipo basi huna bima hata kama umeshika karatasi ya rangi. Fanyeni hivyo kabla hamjanyanyuka kwenye kiti, bure tu na haichukui dakika.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya bima kubwa. Hii niliyo nayo ni ndogo, thadi pati, ukimgonga mtu analipwa yeye, Vespa yako ikiibiwa unabaki na helmeti mkononi. Nilitaka kubwa. Dada akasema atajaribu, akanipigisha danadana wiki mbili "nasubiri jibu", na mwishoni ikawa kampuni mbili zimekataa kwa umri na ya tatu inakubali ila itaithamini yenyewe, na thamani waliyosema ni laki nne. Laki nne! Spea za mashavu yale peke yake nikiagiza zinafika hapo. Nikamwelezea habari ya Hamburg, kwamba wenzetu wanakubaliana thamani kabla, akanisikiliza vizuri tu, akasema kaka mimi nakuelewa ila kwenye fomu hakuna sehemu ya kuandika kwamba kitu ni kizuri. Nilicheka lakini iliniuma. Hilo sio kosa lake, ila zile wiki mbili angeniambia siku ya tatu nisingekuwa nakagua simu kila saa.

Kwa hiyo ulinzi wangu wa wizi kwa sasa ni mnyororo wa Kariakoo, kufuli mbili na mbwa wa jirani. Na kigugumizi cha yenyewe, maana mtu asiyeijua akipiga kiki bila kuvuta choki atatoka jasho mpaka kuche.

Juzi Jumapili nimeitoa kwa mara ya kwanza kihalali, Upanga mpaka Coco Beach. Pale Salenda trafiki mmoja akanisimamisha, nikashusha mguu, nikatoa leseni na kadi kabla hajaomba. Akaangalia namba kwenye simu yake, akaniambia bima ipo. Alafu akazunguka nyuma akainama akaitazama ile pleti mpya ya njano, akauliza, sasa mzee kama huyu mbona wamemvalisha sare ya shule? Nikamwambia afande niulize mimi.

Bima inaisha Machi. Kwa yule dada narudi, ngazi zake za giza na yote.