Mashine ndogo ya kutotolesha mayai 12: kazi inaifanya, tatizo kifuniko

Mashine hizi za plastiki, zenye feni, mota ya kugeuza mayai na kifuniko kinachoonyesha ndani, zimemlenga mtu wa mjini anayetaka kufugia sebuleni. Nyingi hurudishwa dukani zikiwa nzima. Mtu kanunua trei ya mayai ya kula, kayapasha siku 21, kapata mayai viza. Kuku wa mayai ya biashara hufugwa bila jogoo, kwa hiyo hata uyaatamie mwenyewe hayatoki kitu. Tafuta mayai ya banda lenye jogoo, yasiyozidi siku 7 na yasiyooshwa.

Kipimajoto chake ndicho kilichotufanya tuipunguzie nyota. Kioo kinaweza kuandika 37.7 huku ndani kukiwa na 36. Weka kingine usawa wa mayai, uiwashe saa 24 kabla ya kuyapanga, na usiiweke karibu na dirisha lenye jua. Unachotafuta ni nyuzi 37.5 hadi 37.8. Joto likizidi, vifaranga huwahi kutoka na kitovu hakijafunga. Likipungua huchelewa, wengine wasitoke kabisa.

Chini kuna vijifereji viwili vya maji. Jaza kimoja tu hadi siku ya 18, unyevu ukae asilimia 45 hadi 50. Wageni wa kazi hii hujaza vyote siku ya kwanza, kwa huruma, na huruma hiyo huua: yai lisipopunguza maji, nafasi ya hewa hubaki finyu na kifaranga aliyekamilika hufia humo humo. Siku ya 18 zima mota, ondoa trei ya kugeuzia, jaza kijifereji cha pili unyevu ufike 65 hadi 70, kisha funga.

Hapo kwenye kufunga ndipo kasheshe. Siku ya 20 au 21 yai linadonolewa, katundu kadogo kanatokea, nyumba nzima inajaa pua kwenye kifuniko. Halafu kimya, saa 12, pengine 24. Kifaranga anamalizia kunyonya kiini na damu; hajakwama. Mwenye mashine anafungua "amsaidie kidogo", unyevu unatoka, utando unakauka na kuwagandisha hata wenzake ambao hawakuomba msaada. Bandika selotepu kwenye kifuniko, ukiacha matundu ya hewa wazi. Waliotoka waache wakauke humo; kiini kinawatosha saa 24 bila chakula wala maji. Umeme ukikatika, usifungue pia: funika blanketi, saa chache wanazistahimili.

Mlio wake wa tahadhari ni mkali, chumba cha kulala hakiufai.

Vifaranga 8 kwa mayai 12 ni matokeo mazuri. Tunaipa nyota 3 kati ya 5. Karibu nusu yao watakuwa majogoo, na wakikaribia miezi minne wataanza kuwika kabla hakujakucha. Kwenye boksi kuna picha ya vifaranga tu.