Ultrasaundi au kipimo cha damu, mimba changa ikileta shida?

Ukiona matone ya damu wiki ya sita hivi, utaandikiwa ultrasaundi au damu ya kupima homoni ya mimba. Mi naona ultrasaundi ndo yenye neno la mwisho, hasa ile ya kuingiza kifaa ukeni maana inaona vizuri kuliko ya juu ya tumbo. Kwa hiyo ya ukeni, mtoto akifika milimita 7 na mapigo ya moyo hamna, au kifuko cha mimba kilicho ndani ya kizazi kimefika milimita 25 na ndani hamna mtoto, hapo daktari anasema imeharibika. Chini ya hapo usikubali kukimbizwa kusafishwa, warudie baada ya wiki moja au mbili, tarehe za hedhi zinadanganyaga sana.

Damu sasa wanatoa leo wanarudia baada ya saa 48, wanaangalia namba inapanda au inashuka. Ikishuka, kwa kawaida mimba haiendelei. Ila haikuambii mimba iko wapi, na iliyotunga kwenye mrija inaweza kupanda kidogokidogo tu, kwa hiyo ukisikia maumivu makali upande mmoja au kizunguzungu, saa 48 za nini, nenda hospitali usiku huohuo.

Kile kijiti cha mkojo cha famasi? Kinaweza kutoa mistari miwili hata wiki kadhaa baada ya mimba kutoka.