Plaiwudi ya kabati la sinki: acha kuuliza unene, uliza gundi

Kabati la chini ya sinki langu lilivumilia masika mawili tu. Mwezi wa tano nilifungua mlango nichukue sabuni, bawaba ikanibaki mkononi na skrubu zake, na ubao wenyewe umefunguka kama daftari lililolala nje kwenye mvua. Kila tabaka limesimama kivyake. Nililivunja tabaka moja nikalikuta kavu, gumu, halina hata doa la kuoza. Kilichokufa pale ni gundi.

Siku niliyonunua, muuzaji aliniapia: "Dada, hii ni marini, hata uitie baharini." Nikalipa bei ya marini. Tangu nitaje kisa hiki hapa, wasomaji wa Mtwapa, Kilifi na Likoni wameniandikia yaleyale, na wote waliambiwa neno hilohilo: marini.

Basi tuanze na neno lenyewe. Marini ni plaiwudi ya kutengenezea vyombo vya majini, na ina kiwango chake. Waingereza wanacho BS 1088, kinachotaka gundi isiyoshindwa na maji yanayochemka na vinia, yaani matabaka membamba ya mti, za ndani zisizo na mapengo. Wahindi wanacho IS 710, na humo kipande hutokoswa saa 72 kabla ya kukubaliwa. Ile bodi yenye ngozi nyeusi au ya kahawia inayong'aa, ambayo maduka yetu yote huiita marini, imetengenezwa kwa ajili ya kumwagia zege. Ngozi ile inazuia maji juu na chini. Ukishaikata kwa msumeno, kingo zake ziko wazi, na maji ya sinki hayapitii juu, yanapitia kingoni. Hapo ndipo utajua ndani mna gundi gani.

Plaiwudi ni vinia zilizobandikwa. Gogo hulainishwa kwa maji moto au mvuke, likazungushwa mbele ya kisu kirefu, likakunjuka mfano wa mkeka. Vinia hupangwa moja kwa urefu, inayofuata kwa upana, kwa idadi ya witiri: tatu, tano, saba na kuendelea. Muuzaji atakuhesabia matabaka, atakusifia uso laini. Hatakutajia kinachoyashika. Gundi ya yurea ni rahisi, haina rangi, na kwa meza ya kusomea inafaa kabisa. Lakini joto na unyevu vikikaa nayo pamoja, inavunjika polepole. Na jikoni kwetu Mombasa joto na unyevu haviondoki hata usiku. Gundi ya fenoli ni nyeusi au kahawia iliyoiva. Ukitazama ukingo uliokatwa utaona mistari myembamba kama ya wino. Zimo gundi nyeupe zenye melamini ambazo nazo huvumilia, na mstari mweusi unaweza kutiwa rangi, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi.

Omba kipande cha masalio, upana wa kiganja. Kiweke kwenye sufuria, kifunike na jiwe kisielee, kitokose muda wa saa nne. Cha yurea huanza kuachana mapema, hata chai yako haijapoa. Kilichotoka kizima kiache kikauke mpaka kesho, kisha jaribu kuingiza ncha ya kisu kati ya matabaka. Kisipoingia, nunua.

Sasa nipange mbao za kabati la sinki, bora ikitangulia. Namba moja kwangu ni plaiwudi ya gundi ya nje, yaani gundi isiyoshindwa na maji kama ile ya fenoli, na kama naruhusiwa kuchagua kiwanda, nachagua RaiPly ya Eldoret. Nasema wazi kwamba nina upendeleo. Kabati la mama yangu ni la RaiPly, limeshafuliwa mara nyingi kuliko pazia, na milango bado inafunga. Halafu kiwanda kiko nchini, kina jina, na jina hilo limepigwa kwenye ubao. Ule ulioletwa kwa meli, usio na muhuri, nitamlalamikia nani? Hata hivyo taja gundi unapoagiza, kwa sababu viwanda hutoa ubao wa ndani na wa nje. Na fundi asifunge kazi kabla ya kupaka kingo zote vanishi au rangi ya mafuta, pamoja na tundu la bomba. Mafundi wengi husahau tundu la bomba.

Namba mbili, mbao halisi ya saiprasi, iliyokauka. Haina gundi ya kufunguka. Mbichi itajikunja na kupasuka, kwa hiyo ilaze ndani wiki kadhaa kabla ya kukatwa. Mbambakofi ingekuwa bora zaidi, kama milango ya Lamu inavyoshuhudia, ila kwa kabati la sinki ni gharama isiyo na sababu.

Namba tatu, blokibodi, yaani vipande vya mbao vilivyobanwa kati ya vinia. Kwa rafu za juu, ndiyo. Chini ya bomba, hapana.

Namba nne, MDF ya kijani, yaani ubao wa nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi. Rangi ile ya ndani huwekwa kuonyesha kwamba inastahimili unyevu, na unyevu ni mvuke, si bomba linalovuja. MDF ya kawaida na chipubodi, ile ya chembe za mbao, siziorodheshi. Zikilowa mara moja huvimba na hazirudi.

Sasa bei. Februari 2018 Serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma kwa siku 90, na siku 90 zikawa miaka. Naelewa mbao zilipanda. Sielewi kwa nini hadi leo kila nikiuliza bei naambiwa ni ile marufuku, hata kwa ubao ulioshuka kwenye meli bandarini Kilindini. Sielewi pia kwa nini ubao ulioandikwa milimita 18 unatoka 16 kwenye tepu yangu, na nikipima muuzaji ananuna kana kwamba nimemshika mwizi. Duka moja lilikataa kuniuzia masalio kabisa. Masalio, ambayo jioni huchomwa!

Kwa hiyo siku hizi nina sharti moja. Kabla sijatoa pesa, naomba kwenye risiti paandikwe maneno haya: plaiwudi, gundi ya nje, unene uliopimwa. Neno marini silitaki kwenye risiti. Mwezi uliopita nilizunguka maduka matano ya Mombasa. Wanne walisema mashine ya risiti haina nafasi ya maneno mengi. Wa tano alichukua kalamu, akaandika kwa mkono, akapiga muhuri, na ubao wake ndio uliopo jikoni kwangu sasa.