Uzoefu wangu na Made in Heaven, albamu ya mwisho ya Queen na Freddie Mercury

Ukiipata albamu hii, ruka moja kwa moja hadi wimbo wa nne, Mother Love, tena uvae hedifoni. Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza, aliurekodi Mei 1991 kule Montreux, Uswisi, UKIMWI ukiwa umeshamdhoofisha. Aliimba mpaka nguvu zikamwishia, akaaga kwamba atarudi kumalizia. Hakurudi. Alifariki tarehe 24 Novemba mwaka huohuo, na ubeti wa mwisho ikabidi auimbe mpiga gitaa, Brian May. Nilichompendea May ni kwamba hakujitia kumwiga mwenzake: sauti inabadilika waziwazi, nyembamba, ya mtu mwingine kabisa. Hapo huwa naacha chochote ninachofanya.

Albamu yenyewe ilitoka Novemba 1995. Wenzake watatu walikusanya sauti alizoacha, nyingine za miaka ya themanini, wakazipigia vyombo upya. Kuna mahali wamefaulu. Wimbo uliobeba jina la albamu ulikuwa kwenye albamu yake binafsi ya 1985, na hapa ngoma za Roger Taylor zimeupa uzito ambao haukuwa nao. Lakini I Was Born to Love You, wa albamu hiyohiyo ya 1985, jamani! Ulikuwa wimbo wa kuchezeka, mwepesi. Sasa magitaa yanaunguruma mwanzo mwisho utadhani yanagombana na mwimbaji. Huo siupendi na sijifichi.

Halafu kuna ule wa mwisho usio na jina, kama dakika 22 za mlio wa kinanda unaoelea tu. Wapo wanaousifu. Mimi naukatisha.

Uliobaki kwangu ni A Winter's Tale, alioutunga akiwa hukohuko Montreux, kando ya Ziwa Geneva. Anajua anakufa, lakini anaimba anga jekundu, ndege wa ziwani na moshi unaotoka kwenye mabomba ya paa. Hakuna kulalamika hata kidogo. Mzaliwa wa Unguja akiusifia msimu wa baridi hivyo, mpaka nami nisiyeipenda baridi nikashawishika.

Kama Queen huwajui vizuri, usianzie hapa. Tafuta kwanza albamu yao Innuendo ya 1991, usikie alivyokuwa akiimba wakati bado anaweza kuimaliza kazi mwenyewe, ndipo uje kwenye hii.