Moyo umetulia, kinena ndicho kilichonitesa

Nilikuwa na moyo wa kukurupuka: nimekaa zangu, mara unapiga 190 kwa dakika, halafu unanyamaza wenyewe. Vidonge vikashindwa. Nikaenda Kampala kuunguzwa ile sehemu ya moyo inayoanzisha mbio, kwa katheta, yaani waya mwembamba unaopitishwa mshipani; hospitali siitaji.

Kazi yenyewe naisifu. Ganzi kwenye kinena cha kulia, nyaya nyembamba zikapitishwa mshipani hadi moyoni, wakauchokoza makusudi mpaka ukaanza mbio zake, ndipo wakajua pa kuunguza. Nilikuwa macho. Kifua kikapata joto, basi. Na daktari alishanieleza hatari bila kuficha: panapounguzwa ni jirani na njia kuu ya umeme wa moyo, ikiguswa unaweza kuishia kuwekewa betri ya kuuendesha moyo, na mara chache katheta hutoboa ukuta, damu ikajaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo. Nikatia saini nikijua.

Kuhusu kinena niliambiwa neno moja: "Pumzika." Sasa mtu wa Arua, huko mbali kaskazini-magharibi mwa Uganda, anapumzika wapi Kampala? Nikapanda basi. Wanaolijua basi letu wanajua, tangu Bombo hadi Karuma magoti yako kifuani, na baada ya Pakwach bado safari ipo.

Niliposhuka, paja lilikuwa rangi ya bilinganya. Michubuko ni kawaida, sawa. Lakini huu uvimbe ulikuwa unadunda! Sista mmoja wa kwetu akaweka stethoskopu, akasikia mvumo. "Mzee, hii si michubuko. Twende ultrasaundi."

Kumbe vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, na ateri, unaoitoa moyoni, hupita bega kwa bega pale. Sindano iliyolenga vena ilikuwa imegusa ateri, damu ikavuja na kujichimbia kifuko. Wengine hudungwa dawa ya kuigandisha, wengine hupasuliwa. Mimi nilikandamizwa: mtaalamu alibana kwa kichwa cha mashine, macho kwenye skrini, mpaka mkono wake ukatetemeka. Mimi nimeng'ata leso ya mke wangu. Maumivu yale yaliushinda mbali moto wa moyoni.

Kifuko kikaziba. Moyo haujakurupuka tena, na kwa hilo ningekubali kuunguzwa hata kesho. Wanaoruhusu wagonjwa kwenda nyumbani ndio nawapa alama ndogo.

Unayetoka mbali, tafuta ndugu wa kukulaza mjini siku za mwanzo, na kabla hujaondoka omba wakusikilize kinena. Damu ikitoka, lala chali, mtu akandamize kwa nguvu, mwite daktari. Uvimbe ukidunda au mguu ukipoa, usingoje kuche.